Maswali ya Wasomaji: Sufuria za Safari ya Mtumbwi

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu hapa Lamu. Likizo ijayo sisi walimu sita tumenuia kuondoka Mokowe kwa mitumbwi mitatu, tupite mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, kisha tuzunguke upande wa Pate kwa siku nne, tukilala ufukoni na kujipikia wenyewe. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba ni lazima tuagize vyombo vyepesi vya kambi, vya alumini nyeusi ngumu au vya titani, na bei yake inatutisha. Mimi naona sufuria za nyumbani zatosha. Tafadhali tuamulie. (Mwalimu, Mkomani, Lamu)

JIBU: Wa aleikum salaam, mwalimu. Kabla ya kulinganisha metali, pigeni kwanza hesabu ya shehena yote. Mtu anayepiga kafi juani kutwa huhitaji lita tano hivi za maji kwa siku, ya kunywa na ya kupikia. Kwa watu sita na siku nne hizo ni lita 120, yaani kilo 120 za maji matupu, na hamwezi kutegemea kwamba kila ufuko mtakaotia nanga utakuwa na kisima cha maji matamu. Ongezeni juu yake mchele, nazi, makaa au gesi, na mahema. Tofauti ya uzito kati ya sufuria nzito na sufuria nyepesi za watu sita ni kilo moja, ikizidi sana mbili. Kwa anayepanda Mlima Kenya na mzigo mgongoni, kilo mbili ni jambo kubwa. Kwa mtumbwi uliobeba madumu, hata mkao wake majini haubadiliki. Mtakapouhisi uzito ni pale maji yatakapowapwea njiani mkalazimika kuburura mitumbwi topeni, na hapo mtakayoyalaumu ni madumu, si sufuria. Kwa sababu hiyo rai yangu ni kwamba katika safari kama yenu metali ichaguliwe kwa kuangalia chakula, moto na chumvi, na wepesi uje nyuma ya hayo.

Alumini, ambayo ndiyo metali ya sufuria nyingi za jikoni kwetu, ina sifa mbili zinazoipa nafasi ya kwanza. Ni nyepesi, kwa kuwa kipande chake kina uzito wa karibu theluthi moja tu ya kipande cha chuma cha ukubwa uleule. Na husambaza moto vizuri, zaidi ya mara kumi kuliko stili isiyoshika kutu. Sifa hii ya pili haina maana kubwa katika kuchemsha maji. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 100 huhitaji kilojuli 300 hivi, ilhali sufuria yenyewe, iwe ya alumini ya gramu 300 au ya stili ya gramu 600, hunywa kilojuli 20 hivi tu, kwa hiyo chai haitachelewa kwa sababu ya metali. Maana yake huonekana katika wali wa nazi. Tui likishakauka, hakuna tena maji ya kuzungusha moto ndani ya sufuria, na kazi yote ya kuusambaza inabaki kwa kitako. Kitako kisichosambaza huunguza wali palepale ulimi wa moto unapogusa, huku pembeni mchele ukibaki na kiini. Mpishi wa Lamu hupalia makaa juu ya kifuniko ili wali uive kwa juu na kwa chini, na kwa kazi hiyo anahitaji kifuniko cha metali, bapa, chenye ukingo wa kuzuia makaa yasiporomoke. Vifuniko vingi vya seti za kambi vina kirungu cha plastiki katikati, nacho huyeyuka kwa kaa la kwanza. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nimuulize mwenzenu kama amewahi kuona kifuniko cha hiyo seti anayoisifu.

Basi sufuria kubwa iwe ya alumini ya kawaida, yenye kitako kinene kidogo, milimita mbili au tatu, kwani ile nyembamba kama bati hupinda ikiachwa tupu juu ya moto mkali. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na makaa yanayopepewa na upepo wa bahari huweza kufika huko. Chombo kikiwa na maji hakina hofu, bali msikiache kikakauka mkaenda kuoga. Kwa watu sita, kilo moja ya mchele ikiiva hujaza zaidi ya lita tatu, kwa hiyo sufuria ya lita tano inafaa na kubaki na nafasi ya mwiko. Sufuria yetu isiyo na mikono, ambayo wageni huistaajabia, ina faida kubwa safarini, kwa sababu huingia ndani ya nyingine bila kubakiza nafasi. Chukueni tu koleo la kuipulia, kwa maana kitambaa kilicholowa maji huunguza mkono kwa mvuke.

Upungufu wa alumini ni mbele ya vitu vichachu na mbele ya chumvi. Mchuzi wa ukwaju, wa ndimu au wa nyanya ukilazwa ndani yake hula ule utando mwembamba unaoilinda, ukapata ladha ya chuma na sufuria ikapata madoa. Maji ya bahari yakikauka juu yake mara kwa mara huitoboa vishimo vidogovidogo, na hali huwa mbaya zaidi pale inapolala ikigusana na stili yote mawili yakiwa na unyevu wa chumvi, kwa kuwa metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi huzaa umeme mdogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana nashauri chombo cha pili, cha lita mbili au tatu, kiwe cha stili, na kipakiwe ndani ya kile cha alumini kikiwa kimekauka, kwa kutenganishwa na kipande cha kanga kuukuu.

Katika stili tafuteni iliyoandikwa 304 au 18/8, maana yake ikiwa na kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Nendeni dukani na sumaku ndogo, muijaribu ubavuni na si kitakoni, kwa sababu vitako vingine hutiwa makusudi tabaka linalonasa sumaku. Ikinasa kwa nguvu ubavuni, hiyo ni stili isiyo na nikeli, nayo hushika madoa ya kutu upesi zaidi penye chumvi. Isiponasa si hakika kamili, kwani zipo stili za bei ndogo zenye nikeli haba ambazo nazo hazinasi. Mkipata yenye kitako kilichobanwa tabaka la alumini katikati, ni bora zaidi, ingawa huongeza uzito. Hata stili hiyo nzuri haiipendi chumvi iliyotiwa katika maji baridi, kwa kuwa punje hukaa kitakoni na kuchimba vidoti. Tieni chumvi maji yakishachemka.

Kuhusu hiyo alumini nyeusi ngumu anayoitaka mwenzenu, mumpe haki yake. Ni alumini ambayo utando wake wa asili umenenepeshwa kwa umeme ndani ya tindikali, na kweli huhimili mikwaruzo na mchuzi mchachu kuliko alumini tupu. Lakini jivu ni adui wake, na sisi tumezoea kusugua sufuria kwa jivu na mchanga. Anayeinunua ajue kwamba anaacha desturi hiyo, na sioni walimu sita wakikubaliana juu ya jambo hilo siku ya tatu ya safari. Zile zilizopakwa tefloni ziacheni nyumbani kabisa: upako wake huanza kuharibika ukipita nyuzi 260, na moto wa kuni haupimwi kwa nyuzi.

Fedha mlizotaka kununulia titani zielekezeni kwenye kinga ya upepo. Iwe kaskazi au kusi, upepo wa ufukoni hupeperusha joto kabla halijagusa kitako, na sufuria iliyofunikwa nyuma ya kinga huchemka mapema kuliko sufuria yoyote ya bei ghali iliyoachwa wazi. Mkitumia jiko dogo linaloketi juu ya mkebe wa gesi, msiuzungushie mkebe huo kinga, kwa sababu ukipata joto kali huweza kupasuka. Kuni za mikoko msikate. Ukataji wake unahitaji kibali, na hata mngekuwa nacho, mti mbichi hautawapikia. Mkipikia makaa hamna wasiwasi wa masizi, ila mkiokota magogo yaliyotupwa na bahari, pakeni sabuni nje ya sufuria kabla ya kuiinjika, na masizi yatatoka kwa kitambaa bila kusugua. Kuosha kwa maji ya bahari kunaruhusiwa, mradi chombo kisuuzwe mwisho kwa kikombe kimoja cha maji matamu na kufutwa kikauke.

Kwa ufupi wa mizigo: sufuria ya alumini ya lita tano yenye kifuniko bapa, ya stili ya lita tatu ya mchuzi na ya kuchemshia maji, birika moja, na sinia ambalo mtalila pamoja. Sahani sita za nini?

SWALI: Binamu yangu aliyetoka Ujerumani ameniletea kikombe kikubwa cha titani chenye kifuniko, cha mililita 750, nami huenda Mida kuvua kwa ngalawa. Kila nikipika uji unaungua chini na juu ni maji. Je, ni kibovu? (Kijana wa Malindi)

JIBU: Kikombe chako ni kizima, mwanangu; uji ndio usiokifaa. Titani ni nzito kuliko alumini kwa kipande cha ukubwa uleule, lakini ina nguvu nyingi kiasi kwamba huweza kufuliwa ikawa nyembamba sana, na hapo ndipo wepesi wake unapotoka. Ukuta huo mwembamba, pamoja na ukweli kwamba titani husambaza moto vibaya karibu sawa na stili, hufanya joto likae pale tu linapopiga. Mbele ya chumvi, hata hivyo, haina mshindani: iache imelowa maji ya bahari msimu mzima na haitakula kutu wala kutoboka. Kitumie kuchemshia maji ya chai au kahawa, na uji ukiupenda sana, koroga unga katika maji baridi kwanza, upike kwa moto mdogo bila kuuacha mwiko. Usikinywee papo hapo kikiwa motoni, kwa maana ukingo wake huunguza midomo.

SWALI: Nimeambiwa na jirani kwamba sufuria za alumini zina sumu. Nizitupe? (Mama wa watoto watatu, Shela)

JIBU: Usizitupe, mama. Alumini kidogo huingia katika chakula, hasa kichachu, na kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka mwaka 2011 kiwango cha kuvumilika cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kutokana na vyanzo vyote vya chakula. Anayepika wali, uji na chai katika alumini na mchuzi wa ukwaju katika stili au chungu hana sababu ya kukosa usingizi. Weusi unaoingia ndani baada ya kuchemshia maji nao hauna madhara, na kuusugua hadi ing'ae ni kuondoa utando uliokuwa ukikulinda.

Tahadhari yangu ni juu ya sufuria za kusubu, zinazomiminwa katika kalibu kutokana na vyuma chakavu vya kila aina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo nchini Kameruni ulikuta madini ya risasi yakitoka kwenye vyombo na kuingia katika kimiminika kilichochemshwa ndani yake, na madini hayo huwadhuru watoto hata kwa kiasi kidogo. Utazitambua kwa unene usio sawa, uso wenye chembechembe kama za mchanga, na alama ya kiungo cha kalibu ubavuni. Sufuria ya bamba lililokandamizwa kwa mashine huwa laini na ina unene uleule pande zote. Ikiwa unayo moja ya zile za kusubu, ifanye ya kuchotea maji ya kufulia, usiipikie.