Jibu: Majani ya Oktoba, pa kwenda na watoto

Dada uliyeuliza wapi pa kuwapeleka watoto wakaone majani yakibadilika rangi ukitokea hapo Maryland, mi nakwambia hifadhi ya taifa ya Shenandoah, kule Virginia. Barabara yake, Skyline Drive, ina maili 105 ila usijidanganye kuimaliza yote, mwendo mwisho maili 35 kwa saa na kona haziishi, sisi tulijaribu mdogo akatapika kwenye kiti chake tukaishia kuendesha madirisha wazi na baridi lote lile 😂

Ingia geti la Thornton Gap halafu nenda mpaka Limberlost, njia ya kutembea kwa miguu, iko maili ya 43 ya barabara hiyo, kutoka getini ni kama maili 12 tu. Ni fupi, maili moja na kidogo, tambarare, hata kigari cha mtoto kinapita. Majani yanakolea kuanzia katikati ya Oktoba, na kule juu yanawahi kuliko bondeni. Wikiendi fika getini kabla ya saa tatu asubuhi, ukichelewa foleni yake utaijutia.

Kiingilio dola 30 kwa gari, unatumia siku 7. Ila kama una wa darasa la nne mchukulie ile pasi ya bure ya Every Kid Outdoors, mnaingia wote na gari lenu, wengi hawaijui hii.

Majaketi msisahau, na chai kwenye chupa na chapati. Wangu wa miaka 5 alijaza majani mekundu kwenye kofia ya jaketi, kufika nyumbani namvua, kiwavi huyo shingoni.