Kusafisha mkanda nyumbani kwenye joto la Dar: achana na digrii 20

Wadau wanaonunua kamera za mkanda siku hizi wananiuliza sana kama inawezekana kuusafisha mkanda, yaani kuutoa picha kwa dawa, nyumbani hapa Dar, maana kila maelekezo yanasema dawa iwe digrii 20 na sisi maji ya bomba mchana yanatoka ya uvuguvugu. Inawezekana kabisa, mi nasafisha bafuni kwangu, black and white tu, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usiikimbize hiyo 20. Chagua 24, halafu hakikisha kila kitu kitakachogusa mkanda kiko hapohapo kwenye 24, yaani developa (dawa inayotokeza picha), fiksa (dawa inayoifanya picha isiharibiwe na mwanga), mpaka maji ya kusuuzia.

Kwa nini? Ile dawa ya kunasa picha iliyopakwa juu ya mkanda kiwandani imeshikwa na jelatini, kitu kama jeli, na jelatini ikiloa inavimba inalainika, joto ndo linazidisha. Ukiitoa kwenye developa ya baridi ukaichovya ghafla kwenye maji ya moto ya bomba inaweza kufanya mikunjo midogo midogo, ukija kuskani unaona picha nzima imepasukapasuka kama tope lililokauka, na hiyo hairekebishiki tena. Kwa hiyo joto kuwa juu kidogo halina neno, shida ni likipanda na kushuka katikati ya kazi.

Sasa joto likipanda muda wa mkanda kukaa kwenye developa unapungua, hapo ndo watu wanapochanganya. Chukua mkanda wa HP5 Plus kwenye developa ya ID-11. Ilford wenyewe, watengenezaji wake, wanatoa dakika 7 na nusu kwa dawa isiyoongezwa maji kwenye digrii 20, ukiipeleka 24 unabaki na kama dakika 5 hivi, na muda ukishakuwa mfupi kiasi hicho mkanda unaweza kutoka umeiva huku na haujaiva kule, hasa angani na kwenye kuta nyeupe. Ndo maana mi naongeza maji, dawa sehemu moja na maji sehemu moja, muda wake kwa 20 ni dakika 13 na kwa 24 unakuja karibu dakika 9. Hapo unatikisa kwa utulivu, geuza tanki (kile chombo kisichopitisha mwanga chenye mkanda na dawa) mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, na ukimaliza unamwaga, usiitumie tena.

Kushusha joto ni rahisi. Beseni la maji, chupa zako zote ndani, barafu za vifuko zile za dukani weka kwenye beseni, zisiingie kwenye dawa. Subiri, pima chupa moja moja kwa themomita ileile, na maji ya kusuuzia nayo yajaze mapema kwenye ndoo ukayapoze pamoja.

Kitu kingine ambacho huku pwani kinasumbua kuliko hata dawa ni kuuvisha mkanda kwenye rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mkanda kinachoingia ndani ya tanki. Rili za plastiki zina vigololi viwili vidogo pale mkanda unapoingilia, vikiwa na unyevu hata kidogo mkanda unagoma, na mikono ikiwa ndani ya lile begi jeusi lisilopitisha mwanga jasho linaanza kutoka fasta, ukilazimisha unaukunja na unaacha alama. Anika rili juani mpaka ikauke kabisa, kata kona mbili za mwanzo wa mkanda ziwe mviringo, na kazi hiyo ifanye alfajiri kabla hakujapata joto. Ukigoma usivute. Weka kila kitu kwenye tanki, funga kifuniko, toa mikono uifute, rudi tena.

Muda wa fiksa usikisie. Kata kipande cha mkanda ule mwanzo wake uliokwisha kupigwa mwanga, kitumbukize, hesabu mpaka kiwe cheupe unapitisha macho, muda huo zidisha mara mbili. Fiksa ikianza kuchelewa sana kuliko ilivyokuwa mpya, hiyo imechoka. Kusuuza, jaza maji geuza mara 5, mwaga, jaza geuza 10, mwaga, jaza geuza 20, inatosha na unaokoa maji, ambalo mtaani kwetu ni jambo kubwa.

Mkanda ukiwa bado umelowa usiufute kwa kitambaa wala vidole, ni laini mno. Tundika bafuni, funga mlango, feni izime kwa sababu vumbi likishaganda pale halitoki.

Kuhusu kutunza, mikanda mipya kaa nayo kwenye friji, ila itoe saa moja au mbili kabla ya kufungua kikopo, la sivyo hewa ya huku inageuka matone juu ya mkanda. Ulioshapigwa usiuache kwenye dashibodi ya gari, usafishe ndani ya wiki hizohizo. Negativu, yaani mikanda iliyokwisha kusafishwa, zikikauka ziweke kwenye mifuko yake ndani ya kopo linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie humo, maana fangasi wa pwani wanakula jelatini kweli.