Re: Super Bowl gani ilikutoa jasho?

Mkuu, umeuliza ni Super Bowl gani (fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani) iliyonitoa jasho. Yangu ni ya Februari 2017 kule Houston, New England Patriots na Atlanta Falcons. Huku kwetu ilianza saa nane na nusu usiku. Robo ya tatu Atlanta wanaongoza 28-3, nikazima taa nilale, simu nikaiacha kifuani inaendelea. Mara Edelman wa Patriots anaudaka mpira katikati ya mabeki watatu, umebaki kidogo tu uguse nyasi! Nikakurupuka, kichwa paa kwenye chaga za kitanda cha juu. Patriots wakasawazisha, ikawa 28-28, muda wa nyongeza (haikuwahi kutokea kwenye Super Bowl kabla ya hapo), James White wa Patriots akamaliza kazi, 34-28. Kazini nilifika macho mekundu, na wala Patriots siyo timu yangu.