Ukija Hyderabad kusoma siasa, usianzie Delhi

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja Hyderabad kwa shahada ya sayansi ya siasa, nawaandikia mapema, kabla hamjapeleka mada ya tasnifu kwa msimamizi. Wengi wenu mnakuja na wazo lile lile: kuandika juu ya chama cha Congress cha Rahul Gandhi, au BJP, chama cha waziri mkuu Modi, au juu ya viongozi hao wawili wenyewe. Mada hizo zimeandikwa na watu wenye muda na fedha kutushinda, na wahusika wake hamtawapata hata kwa dakika tano. Lakini ukishuka stesheni ya Nampally, kwa mwendo mfupi wa miguu unafika Gandhi Bhavan, makao makuu ya Congress katika jimbo la Telangana. Anzia hapo.

Msilipime tawi la jimbo kwa kipimo cha ofisi ya mkoa ya chama huko kwetu. Jimbo la India lina bunge lake, waziri kiongozi wake, polisi na bajeti. Andhra Pradesh, kabla ya kugawanywa mwaka 2014 kuwa majimbo mawili, Andhra Pradesh na Telangana yenye Hyderabad, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 84 kwa sensa ya 2011. Na tawi lenyewe ni kongwe kuliko jimbo. Mwaka 1920, kwenye mkutano wa Nagpur, Congress ilipitisha katiba mpya chini ya Mahatma Gandhi na kuunda kamati za majimbo kwa kufuata lugha za watu, bila kujali mipaka ya Waingereza. Wasema Kitelugu walikuwa na kamati yao ya Congress miaka 30 na ushee kabla ya kupata jimbo lao mwaka 1953.

Ukishalijua hilo, soma habari zote za tawi hili kama mvutano kati yake na wakubwa wa Delhi, ambao magazeti ya Kitelugu huwaita adhishtanam. Kati ya 1978 na 1983 Congress iliweka mawaziri viongozi wanne Andhra Pradesh, na wote walipanda kwa neno la Delhi, na watatu wa kwanza wakashuka kwa neno hilo hilo. Mmoja wao, T. Anjaiah, alikaripiwa hadharani na Rajiv Gandhi, mwana wa waziri mkuu Indira Gandhi, kwenye uwanja wa ndege wa Begumpet mwanzoni mwa 1982 kwa sababu ya shamrashamra za mapokezi. Mwezi Machi mwaka huo huo mwigizaji N. T. Rama Rao alianzisha chama cha Telugu Desam, akazunguka akihubiri heshima ya Watelugu, na Januari 1983 akaiangusha Congress kwa kishindo. Wazee wa Hyderabad bado wanalisimulia tukio la Begumpet kana kwamba limetokea wiki iliyopita. Wasikilizeni bila kuwakatiza, maana ndani ya masimulizi hayo kuna nadharia nzima ya chama.

Aliyelirudishia tawi uhai ni Y. S. Rajasekhara Reddy. Mwaka 2003, akiwa kiongozi wa upinzani katika bunge la jimbo, alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,400, kutoka Chevella hadi Ichchapuram, katika joto la Aprili na Mei, wakati wakulima wakilia na ukame na madeni. Mwaka 2004 Congress ikashinda, na saini yake ya kwanza kama waziri kiongozi ilikuwa ya umeme wa bure kwa wakulima. Mwaka 2009 jimbo hili peke yake liliipa Congress viti 33 kati ya viti vyake 42 vya Lok Sabha, bunge la taifa. Yaani serikali ya Delhi ilisimama kwa msaada mkubwa wa tawi moja.

Septemba 2, 2009, alikufa kwenye ajali ya helikopta. Hapa naomba mtulie, kwa sababu kuna swali ambalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko yote anayoweza kupewa mwanafunzi wa vyama.

Mwanawe, Jagan Mohan Reddy, hakupewa nafasi ya baba. Akatoka, akaunda chama cha YSR Congress mwaka 2011. Kisha Delhi ikaamua kuligawa jimbo, na sheria ikapita Februari 2014. Waziri kiongozi wa Congress mwenyewe, Kiran Kumar Reddy, alijiuzulu kwa kuupinga uamuzi wa chama chake. Uchaguzi ulipofanyika mwaka huo, upande wa Andhra Congress haikupata hata kiti kimoja kati ya 175 vya bunge la jimbo. Ikapata sifuri tena 2019, na sifuri nyingine 2024. Upande wa Telangana, kwa watu waliopewa jimbo walilolililia kwa miongo, chama kilichowapa kiliambulia viti 21 tu kati ya 119, kwani sifa zote alizichukua K. Chandrasekhar Rao wa TRS, chama kilichopigania jimbo hilo. Mwaka 2019, kati ya wabunge 18 wa Congress waliokuwa kwenye bunge la Telangana wakati huo, 12 walihamia TRS. Pigeni hesabu: hiyo ni theluthi mbili kamili, kiwango ambacho sheria ya kuzuia kuhama chama inakihitaji ili kuhama kuhesabiwe kuwa ni kuunganisha vyama. Hata hivyo, Desemba 2023 tawi lile lile lilishinda viti 64, na mwenyekiti wake, Revanth Reddy, akawa waziri kiongozi.

Uamuzi ulikuwa mmoja na Delhi ilikuwa moja, lakini tawi moja lilikufa na jingine likafufuka. Kwa nini? Jibu langu ni kwamba kura zinaweza kwenda na kurudi, ila kule Andhra waliohama ni watu wenyewe wa tawi: viongozi wa wilaya, wa mandal (ngazi ya utawala chini ya wilaya), wale wanaojua nyumba kwa nyumba. Walimfuata Jagan pamoja na jina la baba yake. Telangana wengi wa ngazi ya chini walibaki, wakawa wanamsubiri mtu wa kuwaongoza. Mnaweza kunipinga, na ningefurahi sana kusoma tasnifu inayonipinga kwa ushahidi wa wilaya moja.

Sasa mambo ya kazi. Jifunzeni kutofautisha viti vitatu: mwenyekiti wa kamati ya jimbo, kiongozi wa wabunge wa chama ndani ya bunge la jimbo, na msimamizi anayetumwa na Delhi kulishughulikia jimbo. Ukiona ugomvi gazetini, tazama kwanza ni kati ya viti vipi. Baada ya ushindi wa 2023 wabunge walikutana Hyderabad wakapitisha azimio la mstari mmoja: wanamwachia rais wa chama, Mallikarjun Kharge, achague kiongozi wao. Azimio la namna hiyo ni desturi ya Congress. Msililipuuze kwa ufupi wake. Ulizeni lililetwa na nani, na mbele ya mjumbe gani kutoka Delhi.

Fuatilieni tiketi, yaani uteuzi wa wagombea wa chama. Kwa uchaguzi huo wa 2023, waombaji zaidi ya 1,000 walilipa ada kuomba viti 119. Hata hivyo, kutajwa kwenye orodha hakumfanyi mtu kuwa mgombea wa chama. Kuna karatasi mbili: fomu A, inayosema nani ana mamlaka ya kusaini kwa niaba ya chama, na fomu B, inayomtaja mgombea wa kiti husika. Fomu hizo zisipofika kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya mwisho ya kuwasilisha majina ya wagombea, mgombea hapati alama ya mkono, nembo ya Congress kwenye kura. Siku hiyo utawaona watu wazima wakiikumbatia bahasha ya fomu B kifuani, simu haikatiki, na walioikosa wakilia hadharani. Uwepo, ukae pembeni na daftari lako.

Pembeni, nasisitiza. Una viza ya masomo. Usivae skafu ya chama, usipande jukwaani, usibebe bango hata kwa picha. Mwaka 2019 mwigizaji wa Bangladesh, Ferdous Ahmed, alifutiwa viza kwa kushiriki kampeni West Bengal.

Magazeti yasomeni mawili mawili. Sakshi lilianzishwa na Jagan, na Eenadu la Ramoji Rao lilimuunga mkono Rama Rao tangu mwanzo. Habari moja ikisomwa kote kuwili inaanza kuonekana sura yake. Kitelugu anzeni wiki ya kwanza. Kiurdu cha Hyderabad kitawasaidia sokoni na kwenye bajaji, lakini wilayani ni Kitelugu tu.

Anayetafuta mahali pa kuanzia, namshauri Kadapa, wilaya ya nyumbani ya Rajasekhara Reddy. Januari 2024 Congress ilimweka binti yake, Y. S. Sharmila, kuwa mwenyekiti wa tawi la Andhra, akipambana na kaka yake Jagan. Aligombea Lok Sabha hapo Kadapa akashindwa na binamu yake, Avinash Reddy. Matokeo yote yako wazi kwenye taarifa za Tume ya Uchaguzi, bure. Chukueni ya 2009, 2014, 2019 na 2024, kisha nendeni mkawatafute waliokuwa viongozi wa mandal mwaka 2009, muwaulize leo wako chama gani.