Embe moja, alama tisa

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha kompyuta darasa la sita kwa Scratch, programu ya kuunda michezo kwa kuunganisha bloku za amri. Tumetengeneza mchezo wa kudaka maembe kwa kikapu, lakini embe moja likigusa kikapu alama zinaruka kutoka 0 hadi 9. Pia mtoto akishikilia kitufe cha mshale, kikapu kinajongea kidogo, kinasita, ndipo kinaendelea. Tatizo ni nini? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, programu inatii ilichoambiwa. Kitanzi kisicho na kikomo, yaani amri zinazorudiwa bila kuisha, huzunguka takriban mara 30 kwa sekunde. Embe lenye kimo cha hatua 20 (hatua ni kipimo cha umbali cha Scratch) likipita kwenye kikapu cha hatua 25, husafiri hatua 45 likiwa bado linagusa. Likishuka hatua 5 kila mzunguko, sharti la kugusa kikapu linatimia mara 9, na kila mara alama inaongezwa.

Usiwaambie dawa mapema, maana kosa hili linafundisha vitanzi kuliko maelezo yoyote ya ubaoni. Waambie waweke bloku ya kusubiri nusu sekunde pale alama inapoongezwa. Wataona embe likishuka kwa vituo, na alama ikipanda kila kituo. Hapo wengi hugundua wenyewe kwamba embe linapaswa kuondolewa pale pale: ongeza 1, kisha lirudishe juu, y (nafasi ya juu-chini) 180, na x (nafasi ya kushoto-kulia) ya kubahatisha kati ya -220 na 220. Ile bloku ya kusubiri si suluhisho, maana alama bado zinafika 9; ikishaonyesha kosa, iondolewe.

Embe lililokosa kikapu lirudishwe y ikiwa chini ya -170. Ukiandika -180, ambao ndio ukingo wa chini wa jukwaa (eneo la mchezo kwenye skrini), embe dogo kama hilo litaganda pale chini, kwa sababu Scratch hairuhusu mhusika atoke jukwaani kabisa: y inafika -180 na haishuki zaidi.

Kikapu kinasita kwa sababu mmetumia tukio la "kitufe kinapobonyezwa", linalosubiri kibodi irudie herufi. Weka kitanzi kisicho na kikomo, na ndani yake sharti mbili: kama mshale wa kulia umebonyezwa, badilisha x kwa 10, wa kushoto, kwa -10. Na bendera ya kijani, inayoanzisha mchezo, ianze kwa kuweka alama kuwa 0, la sivyo mchezo mpya utarithi alama za ule uliopita.

SWALI: Tuna kompyuta 10, watoto 40, na intaneti ya kubahatisha. Tutaweza?

JIBU: Mtaweza. Ipo Scratch ya kusakinisha; ipakueni mara moja, muisambaze kwa flashi. Lugha hubadilishwa kuwa Kiswahili juu kushoto: kwenye menyu ya mipangilio (Settings), au kwenye alama ya dunia katika matoleo ya zamani. Wanne kwa kompyuta moja: mmoja anashika kipanya bila kuamua chochote, wa pili anamtajia bloku, wawili wanaandika kwenye daftari wanachotarajia kitokee kabla bendera haijabofywa. Wabadilishane kila dakika 10, na uwe mkali kwenye saa, kwani anayeshika kipanya hakiachii kwa hiari.