Kutambua Leonotis mlimani: usianze na rangi ya ua

Ndugu unayeanza kusomea mimea au kazi ya kuongoza wageni milimani, swali hili halitachelewa kukufikia: lile ua la rangi ya chungwa, lililofunga mafundo mafundo kuzunguka shina, linaitwaje? Ni Leonotis. Lakini ni Leonotis ipi, rangi haitakuambia. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania zipo Leonotis ocymifolia na Leonotis nepetifolia, zote asili ya Afrika, na zote huchanua rangi hiyohiyo.

Hakikisha kwanza kwamba mmea ni wa jamii ya mnanaa, ndugu wa mrehani na kivumbasi. Pitisha vidole kwenye shina uzihisi pembe nne, kisha angalia kama majani yanatoka mawili mawili yakitazamana. Usiishie hapo, maana Lantana nayo ina pembe nne, na hata mimea kadhaa ya jamii ya Acanthaceae. Harufu pia si kipimo. Lantana hunuka sana ingawa si ya jamii hii.

Uhakika umo ndani ya kalisi, kile kikombe cha kijani kinachobaki ua likidondoka. Kifungue. Ukikuta vijikokwa vinne vimekaa pamoja chini kabisa, na majani yalikuwa yanatazamana, uko kwenye jamii ya mnanaa. Acanthaceae wana kibumba kinachopasuka na kurusha mbegu, na Lantana ina vitunda vyenye majimaji. Mimi humtuma kila mwanafunzi kwenye kalisi kabla ya petali, kwa sababu petali hunyauka upesi, ila kalisi kavu utaikuta hata kiangazi.

Sasa tenganisha hizo mbili. Leonotis nepetifolia ni ya msimu. Ina majani mapana yenye vikonyo virefu, na meno ya kalisi yake ni miiba inayochoma, jino la juu likiwa refu kuliko mengine. Hupenda kingo za barabara na mashamba yaliyoachwa. Leonotis ocymifolia huishi miaka mingi, na sehemu yake ya chini ni ngumu kama mti. Kwa hiyo usipige picha ya ua peke yake. Piga pia shina linapotokea ardhini, kikonyo cha jani, na kalisi kutoka ubavuni. Andika mwinuko na rangi papo hapo, kwani ua likikaushwa rangi hufifia. Ndani ya hifadhi usichume bila kibali.

Ukipata nafasi, simama umtazame chozi, yule ndege mdogo anayekunywa nekta, akinyonya ua la Leonotis. Mrija wa ua umepinda, na mdomo wa chozi mwenye mabawa ya dhahabu umepinda vilevile. Watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha mwaka 1975 kazi yao ya Kenya kuhusu chozi huyo: hulinda eneo la Leonotis pale tu ambapo nekta anayookoa inazidi nguvu anazotumia kuwafukuza wenzake. Ndege wakigombania kichaka, kisogelee, huenda ndiyo yenyewe.

Ukibaki na shaka, andika Leonotis tu. Acha nafasi ya jina la pili hadi utakapolinganisha na vielelezo vilivyokaushwa kwenye herbaria ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.