Bakteria wa soya sio urea, msiwalaumu bure

Juzi msomaji mmoja kaniandikia meseji ndefu. Anasema kanunua pakti ya bakteria wa soya ninaowasifia, wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni, kapaka kwenye mbegu, kapanda, na soya iko njano vilevile, halafu mwishoni kauliza eti na mimi nalipwa na wauzaji? Hiyo imeniuma kidogo, sitaficha. Sipewi hata senti. Ila najibu hapa hapa maana najua mko wengi mnaowaza hivyo na mmenyamaza.

Soya yangu msimu huu imebeba maganda kuanzia chini kabisa, na wale waliokuwa wananiita profesa wa mavi nilipokuwa nageuza lundo la mboji sasa wanapita pembeni ya shamba polepoleee, wanajifanya wanaangalia mawingu. Na mmoja alikuwa mtaalamu kabisa, alinicheka mbele za watu akasema samadi ni ya bustani za mchicha. Haya.

Nilichomuuliza huyu ndugu ni kimoja tu, umeangalia mizizi? Hajaangalia. Jamani! Soya ikianza kutoa maua chimba mche na udongo wake, usiung'oe kwa kuvuta maana vinundu vitabaki chini, kisha pasua kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu au pinki bakteria wako kazini, rangi ile inatokana na kitu cha ukoo mmoja na kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe au kijani hakuna kazi pale. Na usichanganye na uvimbe wa minyoo fundo, wale minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi, kinundu kinabanduka kirahisi pembeni ya mzizi lakini ule uvimbe ni mzizi wenyewe umevimba.

Tukaendelea kuchat, mara ananiambia alimwaga na urea, mbolea ya naitrojeni, "kuongezea nguvu". Sasa hapo! Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, bakteria anaigeuza mmea uitumie, na mmea unamlipa sukari. Ukishaumwagia naitrojeni ya kutosha pale chini, mmea unaacha kumlipa na vinundu havijengeki vizuri. Kwa hiyo alinunua bakteria kwa mkono mmoja akawafukuza kwa mkono mwingine, halafu mlaumiwa ni mimi.

Haya mambo wala si mapya, Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wa vinundu vya mikunde mwaka 1888, sisi ndio bado tunawatumia kama dawa ya kumwaga. Ni viumbe hai. Jua linawaua, joto linawaua, mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu inaweza kuwaua. Lowanisha mbegu kidogo na maji ya sukari ili unga ushike, changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie haraka. Na soma pakti, wa soya hawafai kwa maharage. Kunde haina shida sana, mara nyingi inajipatia bakteria wenyeji waliomo ardhini, ila soya inachagua, na shamba ambalo halijawahi kulimwa soya ndilo linalofaidi zaidi.

Lakini mimi nilianza na udongo kabla ya pakti, na hapa ndipo watu hawataki kunisikiliza. Vinundu vinakula fosforasi sana na havipendi udongo wenye tindikali kali. Mboji inaleta fosforasi kiasi, inashika maji, inapunguza ukali wa tindikali, na inawalisha hata wale kuvu wa kwenye mizizi wanaovuta fosforasi kutoka mbali. Iwe imeiva lakini, ukiishika isiwe ya moto na isinuke. Samadi mbichi inaunguza miche na kukuletea magugu, na ukizidisha yenye naitrojeni nyingi umerudi kule kule kwa urea.

Mtu anataka pakti moja ifanye kazi ya miaka aliyoinyima ardhi chakula. Haiwezekani ndugu zangu, acheni uvivu, geuzeni mboji, mchekwe kama nilivyochekwa.

Na mkivuna kateni shina, mizizi ibaki ardhini, mabua na maganda yarudi shambani. Naitrojeni nyingi ya soya inaondoka na punje, sasa ukizoa na mabua yote ukachoma, usije kuniandikia msimu ujao kwamba mikunde hairutubishi ardhi.